Kidole Kilichovuka Tabaga

Mwezi uliopita nilikuwa stendi ya Koboko nikingoja gari la Arua. Msichana mwenye sare ya shule akanisogelea na kuniuliza kwa Kiingereza, "Wot taim iz it, pliz?" Nikamjibu, "Ten past nain." Akakunjua kiganja, akakivusha kidole kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, kisha akasema polepole, "Saa tatu na dakika kumi." Nilisahau kabisa kwamba nilikuwa nasubiri gari.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu. Sisi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Saa moja ya kwanza inapotimia, mshale mfupi huwa kwenye saba, lakini tunasema moja wala hatuoni ajabu. Kiingereza husema kile kile mshale unachoonyesha. Nilipokuwa mtoto jambo hili lilitutesa sana darasani, na ukuta wetu haukuwa na saa.

Mwalimu akaja nyumbani kuazima tabaga la haboba, bibi yangu. Tabaga ni kawa la kufunikia chakula, na haboba aliyasuka ya rangi kali barazani, pembeni yake birika la kahawa ya tangawizi. Alilitoa kwa sharti moja, lisitiwe wino. Basi mwalimu akapanga punje kumi na mbili za mahindi ukingoni, na mabua mawili yakawa mishale. Siku moja kuku aliingia akala saa kumi na moja na saa kumi na mbili. "Namba ya Kiingereza na ya kwetu zinatazamana," mwalimu alituambia. "Vuka tu tabaga." Tukaimba na kuvuka, kidole kikipita katikati, mpaka hesabu ikakaa mwilini.

Mwaka ule macho ya haboba yalikuwa yameingia ukungu. Alichanganya nyekundu na kahawia, akafumua, akasuka tena, na mwishowe akaziacha nyuzi zikauke kikapuni. Ndipo jirani yetu, aliyekuwa akihudumia malori kule Oraba, akaleta habari aliyoisikia redioni kwa Kiingereza: madaktari wa macho watakuwa Arua kwa siku moja tu, Alhamisi, watu wafike saa nane. Haboba akafurahi. Atapika kwanza, kisha aondoke taratibu.

Jioni tangazo likarudiwa. Nikasikia "eit", halafu nikasikia "moning", neno tulilomsalimia nalo mwalimu kila siku. Saa nane huwa tumeshakula chakula cha mchana. Asubuhi gani hiyo? Nikamwambia haboba kwamba ni saa mbili.

Jirani akacheka. "Toto ya juzi, eit iko nane. Mimi naongea na madereva kila siku. Wewe naongea na nani, kuku?"

Haboba hakucheka. Kama jirani alikuwa sahihi, nilikuwa namtoa nyumbani bure, aende kulala ugenini. Kama nilikuwa sahihi mimi, angekuta mlango umefungwa, na haikujulikana madaktari wangerudi lini. Akaniambia nilete tabaga. Nikapanga punje, nikamshika kidole, nikakiweka kwenye ya nane, nikakivusha katikati, juu ya mafundo aliyoyafunga mwenyewe. Kikatua ng'ambo. Akahesabu punje kwa kupapasa.

"Mbili," akasema. Kisha akamgeukia jirani. "Kufika mapema haichomi mutu."

Jumatano tukapanda gari, vumbi jekundu likatufuata hadi Arua, tukalala kwa shangazi. Asubuhi, getini mwa hospitali, nikamwuliza muuguzi kwa sauti ndogo, "Wot taim iz it, pliz?" Hakunicheka. "Haf past seven." Nikakivusha kidole kiganjani. Saa moja na nusu.

Saa nane haboba alikuwa amelala, jicho limefungwa bandeji, na madaktari walikuwa wakifunga masanduku yao. Bandeji ilipotolewa alinitazama sana, kisha akasema, "Iko na kovu kwa kidevu. Nani alikuumiza?" Kovu lile lilikuwa la zamani. Wiki ile ile aliloweka nyuzi, akasuka tena.

Jirani alituletea karanga za kuchemsha, akaketi barazani, akaniomba nimfundishe kuvuka. Alikosea mara nyingi, nikawa namwambia, "Jaribu tena, mzee," kwa sauti ile ile ya mwalimu.

Leo baraza lile halipo, na harufu ya tangawizi naikuta kwa bahati tu. Haboba alishatangulia. Tabaga lililiwa na mchwa, na simu sasa humwambia kila mtu saa bila kuulizwa. Lakini msichana yule wa stendi nilimwuliza nani alimfundisha. Akasema ni babu yake, aliyekuwa akifanya kazi ya malori Oraba.

Gari langu lilikuwa limeshaondoka. Nikakaa naye, tukavuka saa zote kumi na mbili.