Mkono Ndani ya Paipu

Magari hayavuki kwenda kisiwani Amu, basi watu huyaacha Mokowe, na baadhi yao huyaacha kwangu. Nina kiwanja, nina ukuta, nina lango la bati linalopiga kelele likiguswa. Nimelaza humo pikipiki, lori la ng'ombe, hata jeneza tupu lililokosa chombo cha kulivusha. Lakini gari lenye choo ndani yake nimelipokea mara moja tu, na mara moja yatosha.

Mwenyewe alikuwa mstaafu wa bara, mtu mpana mwenye sauti ya kuamrisha. Alijenga nyumba juu ya lori: kitanda, jiko, pazia, na choo cha kukalia. Kinyesi kilishukia kwenye tangi lililofungwa chini ya gari, na tangi lilikuwa na paipu fupi ya plastiki yenye koki ya kuvuta. Ndani ya koki mna bamba la chuma linalopita katikati ya paipu kama kisu. Ukivuta, njia hufunguka. Ukisukuma, bamba hukata.

Alivukia kisiwani kupumzika, akamwachia askari wangu wa lango ufunguo, awe akilifungua gari lipate hewa. Tangi aliliacha limejaa vyake.

Askari wangu ni mtu wa Chundwa, kijiji cha visiwani, mwembamba, mwenye adabu ya kuudhi. Kwao choo kikinuka hutiwa chokaa, na hapo mazungumzo huisha. Jua lilipopiga gari likaanza kunuka, naye akafanya kama afanyavyo kwao: kila asubuhi alichota chokaa kwa kifuu cha nazi akamwaga chooni. Shimo la kwao hunywa maji, chokaa hubaki juu ikafanya kazi. Tangi halinywi kitu. Chokaa ilishuka chini ikalala, ikawa uji, uji ukawa lipu.

Mstaafu aliporudi nilimwonyesha shimo nililochimbisha nyuma ya kiwanja. Akalisogeza gari, akavuta koki. Likatoka tone. Baadaye likatoka la pili. Basi.

"Mmeweka nini humu?"

"Chokaa, bwana," askari akajibu. "Na kifuu kimeniponyoka leo asubuhi. Kiko tini, papo hapo kwenye paipu, nakitoa sasa hivi."

Akalala chali chini ya gari, akapenyeza mkono wake kwenye paipu hadi juu ya kifundo. Tukasikia kucha zake zikikwaruza kifuu.

"Chokaa kwa choo yangu!" Mstaafu akasogea kwenye koki. "Wewe ni mjinga wa aina gani?" Akaipiga teke koki.

Sijui kama alikusudia. Nimeliwaza teke lile tena na tena na bado sijui. Bamba lilirudi ndani likakamata kifundo cha mkono, na chembe za chokaa zikalikaba lisivutike tena. Askari alipiga ukelele hata kuku wa jirani wakaruka ukuta. Damu ikashuka kwenye kiwiko. Nyuma ya damu ukashuka ule uji mweupe, ukitiririka juu ya kidonda na kukichoma.

"Yanila! Bi mkubwa, chokaa yanila!"

Nilikimbilia sanduku la vyuma nikarudi na msumeno na nyundo. Mstaafu akasimama mbele ya paipu.

"Mama, weka hiyo msumeno chini. Hii paipu imetoka ng'ambo. Hapa Kenya hakuna."

"Na mkono huu umetoka Chundwa. Dukani nako hakuna."

"Tutavuta pole pole."

"Anza na wako."

Akaona sitanii, akaanza kunipunguzia. Nikate mdomoni tu, upana wa vidole viwili. Nikasema nakata kwenye tangi. Akapanda vidole vinne. Nimenunua samaki, mbao na kiwanja chenyewe kwa namna hiyo, mwenzangu akishuka nami nikipanda, lakini sikuwahi kununua mkono wa mtu, tena mwenyewe yuko chini yetu anapiga kisogo chake mchangani. Nikanyamaza katikati ya bei. Mstaafu akadhani nimekubali, akanipokonya msumeno na kunisukuma kwenye gurudumu. Bega langu likalia ko.

Nyundo ilikuwa bado mkononi. Nikampiga nayo kwenye muundi wa mguu.

Akaanguka akitaja mama yake na mimi kwa pamoja. Nikajipenyeza chini ya gari, buibui ikanasa kwenye spiringi ikapasuka, nikaipiga paipu kwenye shingo yake. Ikapasuka pigo la tatu. Tangi likatapika. Lilitutapikia wote wawili: kinyesi, karatasi, mabonge ya chokaa, na nusu ya kifuu kilichonigonga jino. Mkono ukatoka na pete ya plastiki na bamba lake.

Nilimkokota askari hadi kwenye pipa la maji nikamzamisha mkono, kisha ndoo baada ya ndoo, mpaka maji yakaacha kuwa meupe. Bamba tulilitoa kwa koleo. Ngozi ilikuwa imevuliwa kama ya kiazi cha kuchemsha. Nikavihesabu vidole: vitano. Nikavihesabu tena: vitano.

"Vyakunjika?"

Mstaafu ndiye aliyejibu, amekaa kwenye uchafu wake akisugua mguu. "Si mnaona mkono uko mzima? Sasa mniambie nani ananinunulia paipu."

Askari aliinuka. Alimwendea polepole, maji yakimchuruzika, na mimi nikadhani anakwenda kuomba radhi, kwa alivyo. Akamzaba kofi kwa mkono uleule. Lililia kama ubao uliovunjika, kisha yule yule aliyelipiga akapiga magoti, akalia kwa maumivu yake mwenyewe.

Alama zikajitokeza shavuni mwa mstaafu, nyekundu. Nikazihesabu. Nne. Nikarudia kutoka upande wa pili, kuanzia gumba. Nne. Kidole kidogo hakikuacha kitu; kilikuwa hakimsikii tena.

"Simama," nikamwambia askari. "Twende gatini, boti ya hospitali haijaondoka."