Bibi alidhani gari la wagonjwa limemfuata

Leo, Jumanne. Nitasimulia yote kama yalivyotokea, sitapunguza kitu.

Bibi yangu amezuiwa barabarani huku geti la hospitali tunaliona kwa macho.

Asubuhi pumzi zilimbana. Mama akapiga simu, akaambiwa gari la wagonjwa lipo kazini. Tukachukua bajaji, sote watatu.

Kwenye barabara kuu askari wa usalama barabarani akanyoosha mkono. Msafara wa kiongozi unapita. Wenzangu wa Dodoma mnajua: ukisimamishwa, unatulia.

"Shikamoo, afande. Bibi yangu anashindwa kupumua."

"Marahaba. Hata mimi nimeamriwa, binti. Subirini."

Dereva wetu akadakia, "Huyu naye ni kiongozi, afande, ana wajukuu tisa!"

Watu wa bodaboda wakacheka. Mimi sikuweza.

Magari meusi yakapita, vioo vimefungwa. Mwishoni kabisa likaja gari la wagonjwa, king'ora kinalia, nyuma kitanda kitupu.

Bibi alipoliona akainua mkono. Akaweka kanga yake vizuri, akamwambia mama kwa shida, "Limekuja. Asante kwa kupiga simu, mwanangu."

Likatupita.

Mama akageuza uso.

Sasa bibi yupo kwenye oksijeni. Anapumua, namshukuru Mungu. Daktari ametuuliza, "Mbona mmemchelewesha?"

Bado naamini upo utaratibu ambao sisi hatuujui. Anayeujua anijibu hapa leo hii: mgonjwa akiwa kwenye bajaji, askari anaambiwaje ili ampishe?