Pale Anaponyamaza

Fundi wa kuchomelea mageti wa kule Kapata hufunga kazi jua likiwa bado juu, hunawa mikono kwa sabuni ya unga, kisha hulaza simu ndani ya sufuria tupu ili muziki wa jazi utoke na sauti nene. Gitaa hulipakata kama mtoto mwenye homa. Ncha za vidole vyake zimekauka kwa cheche na hazisikii nyuzi vizuri, basi huinama mpaka sikio liguse mbao. Husikiliza kipande, hukirudisha, hujaribu, na mpiga gitaa wa simuni akimshinda humwitikia "eee!" kama mtu aliyetaniwa. Wimbo aupendao kuliko yote ulinakiliwa vibaya sokoni: katikati sauti hukatika kwa pumzi moja, halafu huendelea. Yeye alijifunza wimbo pamoja na ule ukimya, akiamini mwenye wimbo alipumua pale.

Jumapili iliyopita redio ikaupiga wimbo mzima. Penye kimya pakamwagika noti kama maji ya bwawa la Nzilo lango likifunguliwa. Akacheka mpaka akashika magoti, akazitafuta alasiri nzima, akazipata. Alipoupiga wimbo kamili, Mama Elise, jirani wa ukuta mmoja, akamwita kutoka jikoni kwake:

"Tata, umeharibu! Pale unanyamazaka, ni pale mi nagongaka mwiko!"

Fundi akatabasamu, akaanza upya. Alipofika pale akainua vidole kwenye nyuzi, na nyuma ya ukuta mwiko ukagonga sufuria ya ugali wake wa bukari, ko, mahali pake hasa.