Nafasi Katika Kitabu cha Njia

Kabla ya vita, Bakili bin Daimu alikuwa karani wa misafara, Myao wa Nalasi aliyehamia Songea. Alikwenda Kilwa na kurudi mara kumi na tisa, akiandika kila kambi na kila mahali pa kuteka maji. Mwaka wa 1903 wamisionari fulani wa pwani wakamchapia maandishi hayo. Kitabu cha Njia, kurasa arobaini. Wachukuzi waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, na kiu ikapungua njiani.

Vita vya Maji Maji vikaunguza nakala pamoja na nyumba. Ikabaki moja, yake mwenyewe. Misafara ilipoanza tena ilipita katika nchi tupu, hakuna wa kuulizwa kisima kiko wapi. Mwaka wa 1908 wachukuzi wanne wa Songea walikufa kwa kiu kabla ya kufika Tunduru. Bakili aliandika barua pwani kuomba kitabu kichapwe tena. Alijibiwa kwamba herufi za risasi za kuchapia zilishapangwa upya kwa vitabu vingine. Akitaka, akitoe mwenyewe.

"Kazi ndogo," alimwambia mkewe, Mwamvua. "Kitabu kipo. Ni kunakili tu."

"Kama kipo, Baba Biasha, mbona unatafuta viatu?"

Alikuwa amefungua ukurasa wa kwanza na kukuta jina la kijiji ambacho hakipo tena. Basi akaenda kuitazama njia. Ng'ambo ya mto Hanga, kisima alichokisifu kilikuwa kimejaa udongo. Kwingine chemchemi ilikuwa imehama. Miezi minne ilipita, akarudi na goti lililovimba kama boga, na safari hiyo ikawa ya mwisho kwa miguu yake.

Kisha karatasi, aliyoipata kwa kubadilisha nta. Kisha wino: Mwamvua alichemsha masizi na gundi ya mgunga hadi majirani wakauliza nani kaunguza mboga. Yeye hakujua kusoma, lakini ndiye aliyesahihisha. Bakili alisoma kila nakala kwa sauti, naye akahamisha punje ya hindi kwa kila kambi. Punje ikibaki, kambi imerukwa. Mara tatu zilibaki. Baada ya hapo zikaja ngozi za mbuzi za kujalidia. Masika yalipokwisha, nakala kumi na mbili zilikuwa tayari.

Aliyezingojea alikuwa Pankrasi, Mngoni wa Maposeni, mnyapara wa wachukuzi, aliyejifunza kusoma misheni. Msafara wake ungeondoka Alhamisi. Alisoma nusu ukurasa kwa kidole, akakifunga kitabu.

"Mwalimu, usinikasirikie. Neno lile limo humu mara ngapi?"

"Neno lipi?"

Pankrasi aliutazama mlango, kisha akaonyesha mtungi uliokuwa pembeni.

Akaeleza kwa sauti ya chini. Askari hufungua mizigo njiani. Baba yake mdogo alinyongwa kwa sababu ya kibuyu cha dawa ya vita alichokutwa nacho. Yeye abebe karatasi yenye neno hilo mara sitini?

Bakili alisema ataandika kinywaji badala yake. Pankrasi akacheka. "Watu wangu wakisikia kuna kinywaji mbele watakwenda mbio, wakute kijito. Utawaambia pombe imekwisha?"

"Basi mesi, kama tusemavyo Wayao."

"Mngoni anywe mesi? Na Mmatengo atadhani ni mnyama."

Akaondoka bila kitabu. Usiku na mchana Bakili alihesabu siku za kufika Alhamisi, na wale wanne wa 1908 hawakumtoka akilini. Kuandika upya kusingewezekana. Mwamvua ndiye aliyechukua kitambaa kibichi.

"Wino wangu haujazama," alisema. "Unafutika."

Wakalifuta neno maji kwa maji, mara sitini katika kila nakala, siku tatu, vidole vikawa vyeusi. Bakili akachovya kalamu ajaze mesi. Mwamvua akamshika mkono.

"Acha wazi. Mngoni atasema lake, Mmatengo lake."

Alhamisi Pankrasi aliwasomea wachukuzi uwanjani: kutoka Hanga, tembeeni hadi jua la utosini, shikeni kushoto kwenye mwamba, hapo kuna... Akasita. Wachukuzi wakamalizia, huyu kwa Kingoni, yule kwa Kiyao, wakachekana matamshi. Pankrasi akachukua nakala moja. Kumi na moja zikagawiwa wanyapara wengine.

Baada ya miezi mitatu alirudi na watu wake wote. Alimshukuru Bakili, akanywa uji, kisha akatoa kitabu kutoka kwenye mkoba.

"Chemchemi ya Muhuwesi, Mwalimu. Umeandika kulia. Iko kushoto. Yangu nimekwisha sahihisha."

 Bakili akaanza kumtajia Mwamvua zile nakala kumi na moja za kusahihishwa ziko kwa nani na nani. Ya mbali kuliko zote ilikuwa Nalasi.