Ratiba ya Bomba

Mtaani kwetu Newala nyumba saba tunatumia bomba moja. Zamani zamu ilionekana pale pale chini: madumu saba mabovu yamepangwa mstari, kila moja na alama ya mwenyewe. Maji yakitoka, nyumba ya dumu la mbele inachota siku hiyo, kisha dumu lake linahamia nyuma. Yasipotoka, na siku hizo kwetu si chache, hakuna dumu linalosogea. Hata wiki ipite, wa mbele ni wa mbele.

Mimi mwalimu wa jiografia nikaona ule mstari ni uchafu. Nikakaa kwenye kompyuta nikachora ratiba: siku saba, vyumba saba vya jedwali, rangi saba. Nikaenda kuichapisha Masasi, ikapigwa plastiki, nikaipigilia ukutani juu ya bomba. Madumu nikayatupa mwenyewe. Sikumwuliza mtu, na darasani kila siku nahubiri kuuliza si ujinga. Watu wakaisifu, nikavimba kichwa.

Alhamisi, chumba cha kijani, ilikuwa ya bibi mmoja mjane, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Binti yake alikuwa amejifungua, amerudi kwa mama yake kulelewa. Alhamisi ya kwanza bomba kavu. Ya pili kavu. Majirani walimgawia ndoo moja moja, lakini nyumba yenye mzazi na kichanga haiendeshwi kwa ndoo ya hisani.

Kesho yake maji yakatoka kwa nguvu. Ijumaa ilikuwa yangu. Bibi akaja na madumu mawili, akasimama pembeni.

“Shikamoo bibi,” nikamwambia.

“Marahaba, mwalimu. Nimekuja kwa zamu yangu.”

Kwa mstari wa zamani angekuwa wa mbele kabisa. Nililiona hilo, nisijitetee. Lakini nilikuwa nimeshatandaza mpira mpaka kwenye tangi langu, na watu wanatazama. Nikanyoosha kidole ukutani.

“Leo Ijumaa, bibi. Zamu yako ilikuwa jana.”

“Haya,” akasema.

Tangi likajaa likamwagika. Yeye akashuka bondeni kutafuta maji.

Nilikutana naye saa nne asubuhi, siku ya pili, anapanda mteremko wa bondeni na ndoo kichwani, anapumzika kila hatua chache. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi. Akanitangulia.

“Mwalimu, unisamehe kwa juzi kukusumbua.” Wala haikuwa juzi, ilikuwa jana, alikuwa amechoka. “Mie shule sikwenda. Kibao chako nadhani sikukielewa. Siku yangu hasa ni ipi?”

Hapo ndipo pa kusema kwamba kosa ni la kibao, kwamba nilichora siku za wiki kana kwamba maji yana kalenda. Nikajibu nilichoulizwa tu.

“Alhamisi, bibi.”

“Ahsante, baba. Sasa sitasahau.”

Jumatatu niliing'oa ratiba. Waliouliza niliwaambia jua limefuta rangi. Mstari wa madumu ukarudi, maneno yakaisha.

Mjukuu wake sasa anatembea. Siku moja bibi alikuwa anawaasa wasichana pale bombani wasiache shule. “Mnioneni mimi,” akawaambia, “nilimkosesha mtoto maji kwa kutojua kusoma.” Wakageuka kunitazama, niwathibitishie. Nikatikisa kichwa kukubali.