Siku Arobaini za Zelig Averbuj

Baba mkwe wangu, Zelig Averbuj, hakuwahi kupata cheo kikubwa kuliko ufunguo. Ulikuwa ufunguo wa chuma wa sinagogi yetu ya Las Palomas, mzito, na aliutia mfukoni miaka thelathini na minane, kila suruali yake ikatoboka upande uleule. Mama mkwe, Perl, ndiye aliyetia viraka, naye hakuwa mtu wa kushona kimya.

Alifika Entre Ríos, hapa Ajentina, akiwa na miaka tisa, kwa meli kutoka Besarabia huko Ulaya, pamoja na familia ishirini ambazo hakuna hata moja iliyowahi kulima kwa ng'ombe. Walikuwa bado wanalala kwenye vibanda vya udongo walipoanza kufyatua matofali ya sinagogi. Humo ndimo walimooana, walimogombana juu ya bei ya ngano, walimokimbilia wenyewe, nzige walipotia giza mchana. Mwaka wa mafuriko magunia ya kijiji kizima yalipandishwa kwenye roshani ya wanawake, wanakosali peke yao, na wanawake wakasali chini pamoja na wanaume wiki tatu. Wazee husema Mungu hakulalamika. Waliolalamika ni wanaume wawili tu, na wote walikuwa na wake wazuri.

Zelig aliwasha taa, alifagia, alipita asubuhi akigonga madirisha kuwaamsha watu kwa sala. Alijua nani hukaa wapi na nani asikalishwe karibu na nani. Alikumbuka tarehe ya kufa kwa mama wa kila mtu. Ukiwa shambani umesahau, ungemwona anakuja juu ya farasi wake mzee kukuambia kwamba kesho ni siku ya marehemu mama yako, uje umwombee. Mshahara wake ulikuwa kuku wawili kila mwezi na heshima, na hiyo heshima wakati mwingine ilichelewa.

Mimi nilitoka Buenos Aires, nikaolewa na mwanawe, Bernardo. Perl alinipokea vizuri, lakini hakukosa kuwaambia wenzake kwamba mkwewe wa mjini anafagia kama anayeubembeleza ufagio. Nililimeza neno hilo miaka mitano. Nalisema mapema, maana ndilo lililozaa mambo yote.

Tulikuwa na magombo matatu ya Torati. Lile kubwa lilikuja kwenye meli ileile, limeviringishwa ndani ya mfarishi wa mama yake Zelig. Mji ulioliandika, baada ya vita vya pili vya dunia, haukubakiwa na Myahudi hata mmoja wa kulisoma. Siku ya Kufurahia Torati, wanaume wanapocheza na magombo kuzunguka ukumbi mara saba, hilo kubwa lilikuwa la Zelig, na hakuna aliyethubutu kulinyooshea mkono.

Mwaka wa 1951, siku moja kabla ya sikukuu hiyo, Zelig alikuwa na mafua, nikajitolea kusafisha sinagogi mimi. Nikasema moyoni, leo watanitambua. Nikayeyusha vipande vya mishumaa, nikachanganya na tapentaini niliyoazima kwa jirani yetu ña Eusebia, bibi wa Kikatoliki, nikaisugua sakafu ile ya mbao mpaka nikajiona uso. Mbao ambazo tangu zipigiliwe hazijajua kitu zaidi ya maji na sabuni.

Sikukuu ikafika. Nilikuwa juu roshanini, nimeegemea ubao wa ukingo, nasikia wanawake wakisema sakafu mwaka huu inapendeza. Mzunguko wa tatu, Zelig akipita chini yetu na gombo kifuani, macho ameyafumba anaimba, mguu ulimtoka. Akaanguka kwa goti. Gombo likamponyoka, likapiga sakafu na vazi lake la mahameli.

Kwa asiyejua: gombo la Torati likianguka, waliopo hufunga siku arobaini. Ndivyo tulivyokuta kwa wazee wetu. Wimbo ulikatika. Don Hersch, mchinjaji wetu, aliyekuwa pia mwalimu na kiongozi wa sala kwa kuwa rabi hatukuwa naye, aliliokota, akalibusu, akasema ataandika barua kwa rabi wa Buenos Aires kuuliza tufanyeje. Zelig alikuwa bado amepiga goti.

"Hakuna haja ya barua," alisema. "Mikono iliyoangusha ni hii hapa. Mfungo ni wangu. Nyinyi mkale."

Alikuwa na miaka sabini, na mavuno ya mwaka juzi moyo ulishamwangusha katikati ya ngano. Daktari alimwamuru ale kidogo kidogo, mara nyingi, asikae na njaa kabisa. Perl alimkumbusha hayo nyumbani, kwanza kwa upole, kisha kwa sauti ambayo majirani waliisikia.

"Mikono ni yako, sawa," alisema. "Na moyo ni wa nani? Nani atauzika huo?"

Jumatano Zelig akaanza. Hakutia kitu kinywani kuanzia alfajiri mpaka nyota zitoke, na huku kwetu mwezi wa kumi na moja siku hurefuka kila kukicha. Sabato alikula kwa kuwa Sabato hakufungwi, Jumapili akaendelea. Uso ukasawajika. Perl alimwekea mayai mezani kila asubuhi, akayaondoa kila jioni.

Na mimi nilinyamaza. Nisijitetee: nilijua tangu goti lake lilipogusa sakafu. Kila asubuhi nilijiambia leo nitasema, kila asubuhi nikamtazama Perl, ulimi ukagoma. Nikarudi sinagogi peke yangu na magadi na maji ya moto, nikaikwangua nta yote, mikono ikachubuka. Ushahidi nikauondoa, kosa likabaki palepale.

Jioni moja Zelig alimwita Bernardo, nami nikiwa pale, akaweka mikono yake juu ya meza, akaiangalia kama mali ya mtu mwingine.

"Miaka yote nimelibeba, halijawahi hata kuyumba," alisema. "Ninaambiwa kutoka juu niache, mwanangu. Hii mikono haitakiwi tena. Nikimaliza arobaini, ufunguo mpe Hersch."

Kumbe njaa ilikuwa nusu tu ya maradhi yake. Bernardo alitoka nje akajifanya anamtazama farasi. Mimi niliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Ijumaa, siku ya tisa ya mfungo, nilipeleka divai ya Sabato sinagogi nikamkuta ameketi kwenye ngazi. Alitaka kusimama, hakuweza. Midomo ilikuwa ya kijivu. Aliniomba nisimwambie Perl, akanishika mkono kuomba hivyo, na mkono wake ulikuwa wa baridi. Nikamkokota mpaka nyumbani. Njiani niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na si Perl niliyemwogopa tena.

Treni ya siku hiyohiyo ilileta jibu la rabi. Don Hersch akalisoma kesho yake, Sabato, mbele ya watu wote. Rabi aliandika kwamba mgonjwa haruhusiwi kufunga, akifunga anatenda dhambi. Siku hizo zigawanywe kwa jumuiya nzima, kila mtu yake. Watu walipumua. Tukamtazama Zelig, ambaye Bernardo alikuwa amemkalisha na mto mgongoni.

"Rabi anaweza kunisamehe njaa," alisema taratibu. "Lakini hakuiona mikono yangu. Nitaendelea kesho."

Mwanamke hasemi kutoka roshanini wakati wa sala. Hilo nalijua, hata Buenos Aires ni hivyo. Nilisimama.

"Don Hersch," nikasema, na sauti ilitoka nyembamba, "sakafu niliipaka nta. Mimi. Nta ya mishumaa na tapentaini. Nilitaka ing'ae nisifiwe. Baba hakuangusha kitu. Aliteleza kwa sababu yangu, na siku tisa nimemwangalia nikanyamaza."

Nyuso zote zikainuka. Nikamgeukia mama mkwe, nikangoja nilichostahili. Perl alinivuta sketi nikae.

"Kaa, umeshasema," alisema. Kisha akainama juu ya ubao, akasema kwa wote: "Niliinusa tapentaini tangu mlangoni. Mimi na pua yangu hii. Nikajua imepakwa nini, nikanyamaza kwa kuwa ilipendeza, na sikutaka kumwambia mkwe wangu kwamba imependeza. Nipeni na mimi siku yangu."

Hapo ndipo mlango wa kukiri ulipofunguka. Fundi wa magurudumu alisimama akasema yeye aliteleza mzunguko wa kwanza, akadhani ni konyaki kichwani, ndiyo sababu hakumwonya mtu. Aliyemimina hiyo konyaki akasema basi na yeye ana lake. Mwingine akakiri alikuwa akimsukuma Zelig kwa nyuma ili mduara uende haraka. Bernardo akasema alijua baba ana mafua na akamwacha abebe lililo zito kuliko yote. Watu wakaanza kugombea kosa kama wanaogombea kiti cha mbele. Ña Eusebia, aliyekuja kuwasha jiko maana siku ya Sabato sisi hatuwashi moto, aliuliza mlangoni kuna nini. Alipoelezwa alijipiga ishara ya msalaba, akasema tapentaini ilikuwa yake, naye apewe siku, ila isiwe Jumapili kwa sababu Jumapili wanachoma nyama.

Don Hersch akagawa. Siku thelathini zikapata wenyewe hata kabla hatujafunga mlango. Kuandika siku ya Sabato hakuruhusiwi, kila mtu akaishika yake kichwani, ndiyo maana baadaye wanaume wawili walifunga Jumanne ileile, na mpaka leo familia zao hazikubaliani ilikuwa ya nani.

Zelig alikuwa akigeuza kichwa huku na huku.

"Na mimi mmeniachia nini?" aliuliza. "Mmenigawana kama keki."

"Tisa umeshafunga, na moja ya mwisho ni yako," alijibu Don Hersch. "Lakini wewe ni mgonjwa, chakula hutaacha. Siku hiyo utafunga yerba. Kuanzia alfajiri mpaka usiku, kibuyu na mrija usiviguse."

Zelig alikuwa mtu wa kufyonza yerba, chai chungu ya huku, tangu kuamka mpaka kulala. Alikuwa anafyonza hata anapozungumza. Alihesabu kwa vidole. Kisha akauliza kama hawezi kurudishiwa zile thelathini. Sinagogi nzima ikacheka, na yeye akacheka, mabega yakitikisika, na Perl akafunika uso kwa leso akilia waziwazi bila kumwonea mtu haya.

Nilishuka ngazi. Zelig alikuwa ananisubiri chini. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, hakuniachia nafasi. Aliinua mikono yake miwili mbele ya uso wangu, akaifungua na kuifumba.

"Taibe, mwanangu," alisema, "kumbe ilikuwa sakafu."

Alisema hivyo mara tatu njiani kurudi nyumbani. Akamwambia na farasi. Mezani alikula supu, akala samaki, akaomba mkate mwingine, na Perl alipomkatia alikuwa bado anaitazama mikono yake na kutabasamu peke yake.

Alilibeba gombo kubwa miaka kumi na mmoja tena, juu ya mbao zilizosuguliwa kwa maji na sabuni tu. Alikufa Jumatatu moja ya baridi, usingizini, baada ya chakula cha mchana. Perl aliwaambia waliokuja kutoa pole jambo moja, akalirudia kwa kila aliyeingia: alikuwa ameshiba.