Milango Kumi na Mmoja na Meza Moja

Usiku ule Milembe hakulala. Aliiweka simu dirishani, juu ya sufuria iliyopinduliwa kifudifudi, kwa kuwa katika nyumba yake mtandao ulishika hapo tu. Kisha akakaa kwenye kigoda akiitazama kama mtu anayelinda maziwa yasifurike jikoni. Mara tatu aliinuka kwenda kuhakikisha komeo la mlango. Mara mbili alimfunika binti yake Winnie shuka, ingawa Winnie alikuwa na miaka ishirini na mitatu na joto lilikuwa la kuchoma.

"Mama, lala," Winnie alisema gizani. "Simu haiiti kwa kukodolewa macho."

"Lala wewe. Mimi nangoja Kalemela."

Kalemela ndiko alikokuwa anaishi mzee Ndalahwa, fundi cherehani, kwa binti yake Felisita. Mzee huyo alikuwa ameahidi kupanda gari la alfajiri aje Bariadi kumwekea Milembe saini. Soko jipya lilikuwa limekwisha kujengwa, na fremu kadhaa za maduka zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya watu wa Mtaa wa Mabati, uliovunjwa barabara ya lami ilipopanuliwa. Aliyetaka fremu alitakiwa kuleta mashahidi wawili waliofanya biashara mtaa huohuo. Shahidi wa kwanza wa Milembe, Kwandu aliyekuwa na mgahawa, alikwisha kusaini. Wa pili alikuwa Ndalahwa. Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa kesho yake, saa sita mchana.

Saa kumi na moja alfajiri simu ikaita. Alikuwa Felisita.

"Shikamoo, Mama Winnie. Baba miguu imevimba tangu jana jioni. Kiatu hakiingii. Tumemshika kwa nguvu, alitaka kuja pekupeku."

Mwanamke aliyekuwa ameomba usiku kucha mzee yule aje, alijisikia akisema, "Asije. Mwambie mimi nimesema asije. Pakikucha mpeleke zahanati, usimsikilize."

Alipoikata simu, Winnie alikuwa amekwisha kukaa kitandani. "Sasa amebaki nani?"

Milembe alihesabu kichwani. Watatu wamekufa. Mwarabu wa baiskeli alihamia Shinyanga kwa wanawe. Wengine walitawanyika Mwanza na Kahama, na namba zao hazipatikani. Ukimtoa Kwandu, mjini hapa alibaki mmoja tu.

"Thomasi," alisema, na jina lenyewe likamtoka kwa uzito.

Thomasi alikuwa rafiki wa marehemu mumewe, Masele. Wiki iliyotangulia alikuja na pikipiki yake mpya, akakataa kiti, akasimama uani akizungusha funguo kidoleni. "Shemeji," alisema, "mimi nitakusainia bila shida. Na wewe utamwambia yule binti wa ofisini kwamba nilikuwa na duka la kona. Mkono mmoja haulei mwana." Milembe alimjibu kwamba ataona. Alijua kwa nini Thomasi anataka hivyo: waliokuwa na milango walipewa fremu, waliokuwa na meza walipangiwa vizimba sehemu ya wazi, penye vumbi na jua. Na Thomasi hakuwahi kuwa na mlango.

Kulipokucha walitoka kwa miguu, mama na binti. Njia ilipita palepale penye ule mtaa. Sasa kuna lami, mifereji ya zege na nguzo za taa, na vijana wa bodaboda wamejipanga wakigombea abiria. Mgeni akipita haoni kitu. Milembe kila akipita hupunguza mwendo, maana miguu yake bado inajua palipokuwa na ngazi.

Alifika mtaani hapo akiwa mke mpya, ametolewa Nyalikungu kule Maswa, ameishia darasa la nne. Mama mkwe wake, Nyanjige, alikuwa na duka dogo la chumvi, sabuni, mafuta ya taa na kaniki. Lakini chumvi haikuwa sifa ya duka lile. Sifa yake ilikuwa kutunza mizigo. Wanawake waliotoka vijijini kuja hospitali, mnadani au kuuza pamba, waliacha kwake vikapu, kuku, mabati, hata magodoro ya mabinti wanaoolewa, wakaenda mjini mikono mitupu. Nyanjige hakujua kusoma. Alichana kitambaa cha kaniki katikati. Nusu alifunga kwenye mzigo, nusu alimfunga mwenye mzigo mkononi. Akirudi, vipande vinawekwa pamoja. Uzi ukikutana na uzi, mzigo ni wako. Usipokutana, hata ungekuwa mke wa mtendaji, ungekaa chini ungoje.

Nyanjige alipokufa, Milembe aliendelea vilevile. Angeweza kuandika namba, darasa la nne si haba, lakini watu walikataa. Walisema namba mtu anaweza kuiona akaitaja. Mchaniko wa kitambaa nani atauiga? Siku za msimu wa pamba ungekuta nusu ya wanawake wa Bariadi wana kitambaa cheusi mkononi, na watu wakawa wanasema, "Huyo ameacha kwa Milembe." Katika miaka kumi na tisa ulipotea mzigo mmoja tu, jogoo, naye hakuibiwa. Aliruka mwenyewe, na Milembe alimlipa mwenye mzigo jogoo mkubwa kuliko yule.

Siku walipopewa notisi ya kuvunja, mizigo sita ilikuwa bado ndani. Hakulia kwa ajili ya duka. Alihangaika wiki nzima akipeleka kila mzigo kijijini kwa mwenyewe, vipande mkononi, wakati wenzake wanang'oa mabati yao waokoe walau hayo.

Ofisi ya kata ilikuwa imejaa. Waliokuja na barua za mashamba, waliokuja na kesi za mifugo, wote walikaa kwenye mabenchi ya barazani, na mlango wa chumba cha fomu ulikuwa wazi kiasi kwamba kila lililosemwa ndani lilisikika nje. Thomasi alikuwepo tayari, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata.

"Shemeji! Mzee wa Kalemela amekukimbia?"

"Miguu imevimba."

"Pole yake. Basi mambo ni yale yale tuliyozungumza." Alitabasamu. "Au siyo?"

Milembe aliugeukia mlango wa chumba cha fomu. Winnie alimbana mama yake mkono.

Ndani alikaa Specioza, binti wa Kagera aliyehamishiwa Bariadi mwaka uliopita, mpole, mwenye rundo la mafaili. Aliwaamkia, akawakaribisha Milembe, Winnie na Thomasi, akasema ukweli wake bila kuuficha. "Mama, mimi huo mtaa sikuuona. Kila anayekuja hapa ananiambia alikuwa na duka. Nikihesabu maduka niliyoambiwa, yangefika mpaka Maswa." Barazani watu wakacheka. "Kwa hiyo nawaomba mnitajie majirani. Anza wewe, mama. Mtaa ulianzia wapi?"

Milembe alifumba macho kidogo. Kisha akaanza kutembea kichwani.

"Ukitoka stendi ya zamani, mkono wa kushoto, mlango wa kwanza ni Mwarabu wa baiskeli. Mlango wake wa kijani, na mlangoni kila siku alikuwa na kombe la maji ya kunywa kwa mpita njia. Wa pili, Ndalahwa fundi cherehani. Suruali za shule za mji huu wote zilipita kwenye mguu wake. Wa tatu Kwandu, mgahawa. Ukikosa pesa unaosha vyombo, hakukufukuza."

"Na wali wake ulikuwa na mawe!" mtu akapaza sauti barazani.

"Mawe ulikuja nayo wewe mfukoni," Milembe alijibu bila kufumbua macho, na kicheko kikalipuka. Specioza aliinamisha uso, akaendelea kuandika.

Akataja wa nne, wa tano, wa sita. Akavuka kwenda mkono wa kulia. Akataja rangi za milango, akataja nani alikuwa na redio na nani alikuwa na mdomo kuliko redio. Akataja duka lake mwenyewe, mlango wa tisa, na mizigo, na vitambaa. Barazani bibi mmoja alisikika akisema, "Mayu, kweli kabisa," na jinsi alivyolitamka lile neno la mama kwa Kisukuma, hata Specioza aliacha kalamu.

"Wa kumi, Monika wa shanga na dawa za asili. Wa kumi na moja ni ghala dogo la chumvi. Hapo ndipo kona. Mtaa umeisha."

Specioza alipekua faili. "Hapa mzee Thomasi amejaza duka la kona. La kumi na mbili."

Thomasi alikohoa. Milembe alifumbua macho. Aliiona fremu. Aliiona wazi kabisa, na Winnie amekaa ndani yake, hatembezi tena vitumbua juani. Mama mwenye hofu kama yeye hupima kila neno kabla halijatoka, na hili alilipima mara mbili.

"Milango ilikuwa kumi na mmoja," alisema. "Thomasi alikuwa na meza."

"Shemeji," Thomasi alisema taratibu.

"Meza, mwanangu," Milembe alimwambia Specioza. "Pale kona, chini ya bati la ghala la chumvi. Andika na alichokuwa anafanya. Alitengeneza mabomba ya kupulizia dawa ya pamba. Mwaka walipoingia wale wadudu, watu walikuja na mabomba mabovu toka Meatu, toka Itilima, wakalala pale chini. Huyu hakwenda kwake siku nne. Mkewe alimletea ugali palepale, anakula mkono mmoja, mkono mwingine uko kwenye bomba. Vipuri viliisha, akakata ndala zake akatengeneza mipira. Alirudi nyumbani pekupeku. Pamba ya mwaka ule iliokolewa na meza ile. Duka, hapana. Hakuwa nalo."

Thomasi alisimama. Aliuvuta mkono wa shati lake, akatoka bila kuaga, na viatu vyake vikasikika mpaka mwisho wa baraza.

Specioza alitazama saa, akatazama fomu. "Mama, sina la kufanya. Nakuamini, lakini saini ni moja." Alingoja hadi mishale ya saa ikakutana juu. Saa sita ilipofika alimwomba radhi, akawatoa nje taratibu, akafunga mlango kwa ufunguo apange mafaili ya kwenda halmashauri alasiri hiyo.

Milembe alikaa kwenye benchi. Aliketi wima, mikono mapajani, kama alivyokuwa akikaa mlangoni kwake.

"Mama," Winnie alinong'ona, machozi yakimlengalenga, "si ungesema tu duka. Neno moja."

"Mtaa ule umebaki kichwani mwangu tu. Nikiweka uongo humo, nitauona wapi tena?" Kisha hofu yake ya kila siku ikamrudia. "Kunywa maji wewe, utaumwa kichwa kwa jua hili."

Uani, Thomasi alikuwa juu ya pikipiki, hajaiwasha. Mzee mmoja aliyekuja kwa kesi ya ng'ombe, Mhoja jina lake, alikuwa ameinuka benchini akamfuata kwa fimbo yake. Alimzunguka, akamchungulia uso.

"Wewe ndiye wa ndala?"

"Ndala gani, mzee?"

"Mimi nililala pale usiku wa pili. Bomba langu la bluu. Ulinikatia kisigino cha ndala." Mzee aligeuka, akawaita wenzake kwa sauti ya kuitia ng'ombe. "Njooni! Ni huyu! Nilidhani alikwisha kufa!"

Wakaja wanne, watano, wakampa mikono. Mmoja akaushika mkono wake asiuachie. Mwingine akamwuliza kama bado anatengeneza, maana mabomba ya siku hizi hayana adabu. Thomasi alijaribu kucheka, ikashindikana. Akavua kofia, akaivaa tena.

Alipokuja mbele ya benchi, hakumtazama Milembe usoni.

"Umeniaibisha mbele ya watu, Mama Winnie."

"Nimekutaja, shemeji."

"Fremu umeninyima."

"Na mimi nimejinyima."

Alisimama hapo, jasho limeharibu pasi yote ya shati. "Miaka yote hii nawaambia watu nilikuwa na duka," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kunishukuru kwa hilo duka."

Milembe alisogea kidogo kwenye benchi ampishe akae. Hakukaa. Alimwuliza Winnie kama ana kalamu, Winnie akampa. Akapanda ngazi mbili, akabisha.

Akabisha tena.

"Binti yangu," aliita, mdomo karibu na ubao, "mimi ni Thomasi wa meza. Nimekuja kumsainia mlango wa tisa."

Ndani kiti kilisogezwa. Zikasikika hatua, zikasimama. Baraza zima liligeuza shingo. Milembe hakuinuka, ila mkono wake ulikuwa umeshamkamata mwanawe kwenye kiwiko, na alikuwa akimbana bila kujua.

Ufunguo ukazunguka, na mlango ukafunguka.